Hesabu ya Wiki Mbili

Lifti imekufa tangu Jumatatu.
Nimepanda ghorofa tatu kwa awamu, kama mtu anayelipa deni,
nikitua kila kona ya ngazi
kujifanya nasoma tangazo la chanjo.
Julai ya Nairobi, manyunyu, baridi ya mbavu,
na kifuani nimebeba sega la asali iliyoganda.

Sista Kwamboka ananipa karatasi
na kalamu iliyofungwa uzi kwenye meza.
"Maswali tisa, Mghanga. Si mtihani."
Katika wiki mbili zilizopita, karatasi yaanza,
ni mara ngapi umesumbuliwa na haya?
Sifuri: hata siku moja. Tatu: karibu kila siku.

Mimi ni karani wa duka la mabati, Eneo la Viwanda.
Namba na mimi tunajuana.

Swali la nne: umechoka, huna nguvu?
Ewe karatasi, nilizaliwa nimechoka.
Mama alinibusu kipaji cha uso kule Voi, akaonja chumvi,
akamgeukia mkunga: mtoto mmemwogesha na nini?
Chumvi ile ilikuwa barua, na hakukuwa na wa kuisoma.
Mara mbili nimetibiwa kifua kikuu nisichokuwa nacho,
majirani wakanitengea kikombe.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipopewa jina lenyewe,
sistiki faibrosisi,
likamshinda mama ulimi. Akaliita "ile chumvi".

La tano: hamu ya kula?
Kabla ya kila chapati nameza vidonge vinne.
Hamu gani hiyo isiyochoka kungoja?

La tatu: usingizi?
Kiulize kikohozi. Waulize watu wa umeme,
waliokata stima saa nane usiku
mashine ya mvuke ikiwa bado mdomoni.

Sasa niambie, uliyetunga maswali haya,
utajuaje kilichochoka ni kifua, au ni mimi?
Pafu na moyo ni wapangaji wa mabati mamoja;
mmoja akilia usiku,
asubuhi anagongewa mwenzake.

Basi nikapika hesabu.
Sifuri, sifuri, moja hapa ya kuondoa shaka,
moja pale, sifuri.
Mkaguzi yeyote angepiga muhuri.

Sikuandika Jilo.
Jilo wa Kayole, mwenye chumvi kama yangu,
rafiki wa miaka sita ambaye sikuwahi kumshika mkono,
maana vijidudu vyake na vyangu haviruhusiwi kujuana.
Tulikohoa pamoja kwenye simu,
tukashindana kohozi la nani lina rangi mbaya zaidi.
Alikuwa akishinda.
Mei, simu yake ilipokelewa na dada yake.
Tangu siku hiyo vidonge navihesabu, kazi ni kazi,
ila vingine navirudisha chupani.

La tisa lilikuwa chini kabisa, limejikunyata:
mawazo kwamba ingekuwa afadhali ufe.
Kufa hakukunishtua,
kufa nimekula naye sahani moja tangu utotoni.
Ni hilo "afadhali".
Nani aliwaambia kuhusu hilo "afadhali"?

Sista akajumlisha. "Mbili," akasema.
Karatasi hakuitia kwenye faili.
Akavuta kiti, kile chenye mguu mfupi,
akakaa akiyumba kidogo.
"Karani, hizi hesabu ni za nani?"

Nikakohoa. Hapakuwa na kohozi.
Nikanyoosha mkono kuichukua kalamu, uzi ukagoma;
akauinamia, akaukata kwa meno.

Sifuri ya mwisho nikaigeuza moja.
Kisha, kwa kuwa kalamu ilikuwa huru,
nikapanda hadi la nne, nikarudi la pili,
mkono ukitetemeka kama wa mwizi anayerudisha mali.

Hakushika kichwa. Hakunipa pole ya haraka.
"Tangu lini?"
"Mei."

Mtu akabisha mlango, foleni ni ndefu, akabisha tena.
"Subiri," Sista akamwambia,
bila kuniondolea macho.