Nusu Futi

Ubao ulikuwa futi nane.
Gari, toka dashibodi hadi mlango wa nyuma, futi saba na nusu.
Hesabu hiyo niliifanya baadaye.

Pale duka la mbao, Ishpeming, theluji ikinyunya,
niliusukuma ndani, nikaubana kati ya viti,
nikakishika kioo cha nyuma, kile kinachofunguka peke yake,
nikakishusha kama mtu afungaye kitabu kilichomchosha.
Hakikupiga kelele. Kiliguna tu, pu,
kisha kikamwagika chote kwa pamoja,
chumvi ya mawe juu ya bampa, juu ya viatu,
ndani ya mfuko wa misumari.
Kijana wa duka akaja na ufagio.
Hakucheka. Heri angecheka.

Verna hakunisimanga. Alitoka na kikombe chake,
akatazama palipokuwa na kioo, akatazama ubao,
akasema, "Ngazi bado mbovu, Arvid,"
akarudi ndani.

Siku tisa tuliendesha na mfuko mweusi wa taka
uliobandikwa kwa tepu.
Barabarani ulipumua, ukivuta, ukitoa,
kama mgonjwa tuliyempakia tukasahau kumshusha hospitali.
Bima walisema dola mia tano za kwanza ni zangu.
Duka la vipuri: mia nne na themanini, kioo kitupu.
Kangas wa vyuma chakavu alisema,
"Sitini. Njoo na spana zako."

Lilikuwa pacha wa gari letu,
mwaka ule ule, rangi ile ile ya kijani cha chupa,
ila pua imekunjwa hadi usukani.
Nyuma halikuwa na hata mkwaruzo.
Nilipita upande wa mbele mara mbili
na mara zote mbili nilitazama pembeni.
Nilitaka kuuliza.
Nikauliza kama ana soketi namba kumi.

Kazi yenyewe si kubwa.
Chomoa plagi ya nyaya za joto. Bawaba mbili,
shokapu mbili nyembamba kama kalamu,
nati zinazopita katika tundu la kioo chenyewe,
kila moja na wasa yake ya mpira.
Hapo ndipo penye ujanja: ikilegea, maji yanaingia;
ikizidi, robo ya mzunguko tu, unafagia tena.
Kaza mpaka mpira uanze kukunja uso,
halafu ondoa mkono.
Miaka arobaini na moja ya ndoa
sijawahi kuelezwa jambo waziwazi hivyo.

Verna alikishikilia kwa chini, na glavu zake za bustani.
"Juu kidogo."
"Hivi?"
"Usipumue."
Hatukuwa tumesemezana sana hivyo tangu siku ya ubao.

Asubuhi yake, nyuzi kumi na nane chini ya sifuri,
niliwasha gari, nikaketi. Pumzi zikapanda vioo.
Nikatupa jicho kwenye kioo kidogo cha juu
na kule nyuma, katika ukungu, palikuwa na mahali pasipotaka ukungu:
farasi, au mbwa, mwenye miguu mitano,
na chini yake herufi za kidole, kinyumenyume.
Niligeuka kitini ili zikae sawa.
TESS. Zote zikakaa sawa ila S ya mwisho.
Kisha nyaya za joto zikaanza, mstari kwa mstari,
zikamla yule farasi.

Nilimpigia Kangas kuomba risiti.
"Kuna lingine?"
Nikasema, lile gari la kijani.
Nilisikia redio yake, habari za hali ya hewa.
"Huletwa na lori la kuvuta, Arvid. Lori halisemi."

Jumamosi Verna alipanda nyuma na dawa ya vioo na gazeti.
Nilimwona akikipulizia pumzi, ha, ha,
kama mtu asafishaye miwani.
Alikaa huko kitambo.
Gazeti alirudi nalo kavu.
"Ana umri gani, unadhani?"
Ana, alisema.
"Sita," nikamjibu. "Labda saba."

Ubao bado umeegemea ukuta wa gereji.
Kidato cha tatu tunakiruka
hata gizani.