Mkono Ule Mwingine

Umeme umekwenda tangu saa kumi na mbili,
nami nafunika makaye ya Nsimire kwa karatasi za kalenda ya mwaka jana,
upande mweupe ukitazama nje.
Kwa ndani zimebaki tarehe tulizokwisha kuzilipa.

Manne ya mistari, mawili ya miraba.
Biki tatu za buluu na moja nyekundu iliyoombwa na masomo,
sijui ya nini, maana nyekundu ni ya mwalimu.
Sketi imening'inia msumarini, pindo lake vidole vinne:
mama yake atalishusha kidogo kidogo
hadi kalasi ya tatu, Mungu akipenda.
Leo pale Kadutu umati ulinibeba bila miguu yangu.
Muuza viatu akasema, "Papa, kamata thelathini, mutoto anakomea."
Nikakamata thelathini na moja.
Kila kitu tunamnunulia mtu ambaye bado hajafika.

Jioni alikaa mlangoni akichora nyumba yetu
na ziwa chini yake, ziwa dogo kuliko dirisha,
kwa kipande cha mkaa, kwa mkono wa kushoto.
Niliona. Nimeona tangu alipoanza kushika kijiko.
Sijasema neno
kwa sababu ule mkono ni wangu.

Mwaka wangu wa kwanza, kule Walungu,
mwalimu Cirhuza alinifunga kitambaa kwenye kiwiko,
akakikaza kwenye mguu wa dawati.
Huu wa kujisafishia, akasema, ule wa kuandikia.
Hakuwa mtu mbaya. Ijumaa alitugawia karanga.
Na kweli nilijifunza: mwandiko wangu unasifiwa,
kwenye matanga ni mimi ninayeitwa
kuandika majina ya waliochanga.
Lakini nyundo naishika kushoto. Randa, kushoto.
Nsimire mwenyewe, siku ile muuguzi aliponikabidhi,
nilimpokea kushoto bila kufikiri.
Na nikikasirika, maneno hunikwama
upande wa kulia wa mdomo,
kama mtu aliyefika mlangoni akasahau alichotumwa.

Kesho nitamwambia nini mwalimu wake?
Watoto tisini katika chumba kimoja,
watatu watatu kwenye benchi la wawili,
na mimi nisimame pale na kofia yangu mkononi
kuzungumzia kidole gumba cha mmoja.
Nimeijaribu hotuba kwa Kifaransa: ikawa inaomba msamaha.
Kwa Kiswahili ikawa inatafuta ugomvi.
Kwa Mashi ilikuwa neno moja tu,
muache,
na huyo mwalimu, nimesikia, ametoka Kindu.

Labda nisiseme. Labda siku hizi hawafungi tena.
Labda atakaa pembeni mwa benchi, upande wa dirisha,
kiwiko chake kisimpige mwenzake,
na hakuna atakayeangalia.
Au jirani yake atalia, mwalimu atageuka,
na yeye ataficha mkono chini ya sketi
kabla hajaambiwa.
Hilo ndilo ninaloliogopa, zaidi ya fimbo:
kwamba atajua peke yake.

Nimeandika jina lake mara tano,
herufi zimesimama kama wanakwaya.
Kwenye kaye la sita nimehamisha biki.
Nilidhani mkono umesahau. Haukusahau, haukufundishwa tu.
N ikalala. S ikageuka nyuma.
Zilizobaki zilishuka kama mbuzi wanaoteremka Nyamugo
baada ya mvua, kila mmoja na njia yake.
Nikaliacha hivyo hivyo. Nikaliweka chini kabisa ya mkoba.

Mama yake amelitoa, amelisogeza kwenye mshumaa.
"Nani ameandika hivi?"
Nikasema, mtoto wa kalasi ya kwanza.

Ameniangalia kwa muda.
Kisha amelirudisha, juu ya mengine,
akaniambia nilale, mabati yanalia tangu saa ile,
kesho tutambeba mgongoni hadi barabarani,
viatu visiguse matope.