Kitabu cha Risiti

Chuo chetu ni ghorofa mbili tu, hapa Ngara,
juu ya duka la betri na rangi za magari.
Mhadhiri akisema moyo una vyumba vinne,
fundi huko chini hugonga bati, vikawa vitano.
Hatuna uwanja. Hatuna bendi ya mahafali.
Tuna darubini saba, moja ina mtoto wa jicho,
na foleni ya chai ambamo sukari huombwa
kwa Kiborana, Kinuer, Kitaita na Kigujarati,
na mpishi, Mkisii, huwaelewa wote kwa vidole.

Mimi ni karani wa karo.
Wananiogopa kuliko mtihani.

Mwaka ule Diramu Halake
alisimama dirishani pangu, hakusema neno.
Akasukuma chini ya kioo karatasi niliyoiandika mwenyewe:
deni, elfu kumi na moja, mia sita na hamsini.
Baba yake alikuwa amepiga simu kutoka Marsabit:
ng'ombe wa mwisho ameanguka kabla ya kufika mnadani.
Mtihani, Jumatatu. Asiyemaliza karo haingii.
Sheria hiyo niliipiga chapa mimi, kwa herufi nene.

Nikavuta droo ya chini,
mlimo kitabu cha risiti chenye jalada la kijani
ambacho wakaguzi hukiita "mengineyo".

Mwakio, afisa wa afya, Voi: elfu tano,
na ujumbe: "Apewe anayelala njaa akisingizia kufunga."
(Alijuaje? Alijua. Nilimwona, mwaka wake wa pili.)
Nyakor, mkunga, Bentiu: elfu nne na mia mbili,
zimepita kwa binamu, kwa shemeji wa binamu, zikafika zote.
Hetal wa duka la miwani: mia tatu kila mwezi, miezi sita,
hutuma usiku akishafunga hesabu, wala haandiki kitu.

Halafu Mbeneka.
Hamsini. Kila Ijumaa. Ijumaa kumi na mbili.
Mbeneka hakuhitimu. Alitoka muhula wa nne
kwa deni dogo kuliko hili,
na barua iliyomtoa ina sahihi yangu.
Sasa anauza vifuniko vya simu, Muthurwa.
Mkuu wa chuo aliniambia, "Huyu si mhitimu, mfute kwenye orodha."
Nikasema, ndiyo, Mkuu.
Sijamfuta hadi leo.

Nikajumlisha mara tatu. Ilipungua hamsini.
Ilikuwa Ijumaa; nikaiweka simu mezani, nikaikodolea
kama mwenye njaa anavyokodolea chungu.
Saa kumi, kimya. Saa kumi na moja, mvua.
Hamsini ile iliingia. Ilikotoka, msiniulize;
ila jioni hiyo nilirudi Huruma kwa miguu,
kila kiatu kimebeba mto wake.

Jumatatu Diramu akaingia.
Mkitaka niseme aliongoza darasa, sitasema.
Alipita masomo matano, takwimu ikamwangusha,
akairudia Agosti, akaipita kwa alama mbili.
Leo anapima damu hospitalini, Isiolo,
na wazee wa huko humletea mikono yao
kwa sababu anajua kuwauliza kwa lugha yao pa kuchoma.
Aliponiuliza, "Nimshukuru nani?"
nilimwambia mwandiko wangu mbaya, majina hayasomeki.

Lakini nimejitanguliza. Turudi Jumamosi ile,
saa moja asubuhi, suruali yangu bado kambani.
Simu ikatetemeka. Mbeneka. Hamsini.
"Samahani kwa kuchelewa, jana kibanda kiliingia maji."

Deni lilikuwa limekwisha kufungwa.
Nikalamba kidole, nikafungua karatasi mpya,
nikaliandika jina lake mstari wa kwanza
kwenye ukurasa ambao haujapata mwanafunzi.