Mizizi Imetoboa Viriba

Jalada lao nalijua kwa uzito.
Lilikuja jepesi: barua moja, na ramani ya penseli,
mto, daraja, korongo,
na misalaba midogo pale wanapotaka kurudisha miti.
Leo nalibeba kwa mikono miwili.

Mimi ni wa masjala. Sipitishi, sikatai.
Napokea, nagonga tarehe, nafunga uzi,
napeleka chumba namba sita.
Chumba namba sita: tunawasubiri watu wa bonde.
Watu wa bonde: leteni kwanza barua ya misitu.
Misitu: mazingira wameshakagua?
Mazingira: gari lipo, mafuta hayajaingia.
Na watu wa barabara, ambao hakuna aliyewauliza,
wameandika kwamba ukingo ule ni hifadhi ya barabara,
barabara ambayo masika ya mwaka juzi yalishaila.

Kila Jumanne huja Ndeanasia kutoka Njoro,
udongo kwenye kucha,
miche elfu moja na mia mbili nyuma ya banda la ng'ombe wake:
mringaringa, msesewe, mkuyu.
"Kaka Eliamringi, limefika wapi?"
Nasema, lipo mezani.
Sisemi meza ipi.

Jumanne moja hakuuliza.
Alitua kiriba juu ya kaunta, akakilaza ubavu:
mizizi imetoboa nailoni,
inatafuta ardhi ndani ya ofisi ya serikali.

Aliyekata mikuyu ya pale hakuandika barua.
Aliyezoa mchanga usiku, lori limezima taa,
hakudaiwa nakala tatu.
Kuharibu kulipita mlango ukiwa wazi.
Kutengeneza kumekaa kwenye benchi, kunasubiri kuitwa jina.

Lakini nisiutukane muhuri, umenilisha miaka kumi na tisa.
Wapo watu wa huko juu mgombani
waliopanda mikaratusi kwenye chemchemi,
kwa nia safi, bila kumwuliza mtu.
Ilikua upesi, ikapendeza, ikainywa chemchemi.
Mfongo wa babu zao sasa ni njia ya mbuzi.
Kuuliza si ubaya.
Ubaya ni swali moja kuulizwa mara tano
na watu watano wasiosalimiana,
na vyumba vyao vinatazamana.

Ndipo akahamia kwetu Zawena Mkwizu.
Wiki ya kwanza aliomba majalada yote ya mito,
akayatandaza sakafuni, akavua viatu,
akatembea katikati yake kama mtu anayevuka kwa mawe.
Kisha akaandika mistari miwili, mimi ndiye niliyeisambaza:
*Alhamisi saa tatu, wote mtoni, kila mmoja na muhuri wake.
Asiyekuja amekubali.*

Walikuja.
Mlima haukutoka mawinguni kushuhudia, una kazi zake.
Mtu wa bonde alipima ukingo kwa hatua:
mikuyu ishuke chini, miringaringa ipande juu,
na mkaratusi nisiuone hata mmoja.
"Nani kakutajia mkaratusi?" akasema Ndeanasia.
Mtu wa barabara alifika mwisho.
Alisimama kitambo kwenye mdomo wa lami iliyomeguka,
akatazama chini,
akaomba kalamu.

Miezi kumi na minne, kisha asubuhi moja,
boneti ya gari ikiwa meza.

Padi ya wino ilikuwa imekaushwa na jua.
Niliinama, nikachovya vidole mtoni, nikadondosha.
Muhuri ulitoka hafifu, wenye tope kidogo,
ila unasomeka.

Jioni nilipita bandani kwake, nikahesabu,
maana kuhesabu ndiyo kazi yangu.
Miche mia tatu na kumi ilikuwa imekauka ikisubiri.
Yeye hakuitaja. Alikuwa anachana viriba vya mizima,
anakata kwa wembe mizizi iliyojikunja.

Nimerudi masjala, nimefungua kabati zote.
Ile mia tatu na kumi,
hakuna fomu yake.