Ukuta Uliojikunja

Kageha hunitumia picha usiku,
simu yangu ikiwa imebakiza chaji ya kuzimia:
"Mjomba, tazama hii."
Natazama.

Dubai wameinua pete ya chuma
na madirisha yake ni maandishi,
mwanga unaingia kwa herufi.
Rotterdam nyumba ni dadu
zilizosimama kwa kona, kana kwamba mtu alizirusha
akaitwa kabla ya kuzihesabu.
Brazili, sahani juu ya mguu mmoja.
Praha, jengo limemshika mwenzake kiuno
mchana kweupe, na hakuna aliyewakemea.

Mimi ni mwashi. Miaka thelathini na mmoja
timazi yangu haijanidanganya.
Basi humjibu kama mwashi:
Maji ya mvua yanapita wapi?
Kabati utaliegemeza ukuta gani?
Nani atapanda kule na brashi
rangi ikianza kubambuka?
Hunitumia kicheko. Kisha picha nyingine.

Sijamwambia kwamba usiku wa zile dadu
nililala chali, nikizizungusha kichwani
nikitafuta kitanda kinakaa wapi,
mpaka jogoo wa jirani akanikuta macho.

Wala sijamwambia habari za Kondele,
mwaka wa tisini na nane,
nilipojenga ngazi yenye upinde
na mwenye nyumba akaipima kwa jicho moja:
"Nimelipia ngazi. Sikulipia nyoka."
Niliibomoa kwa nyundo yangu mwenyewe.
Nikajenga iliyonyooka, nikalipwa.
Tangu siku hiyo nimejenga masanduku:
sanduku la kulala, sanduku la kusali,
sanduku la kuuzia unga.

Juzi, Chavakali, shule ya msingi,
Mwalimu Kisia alitaka choo cha wasichana.
Fedha zilitosha ukuta. Mlango, hapana;
mlango wa kwanza uliibwa, na wa pili,
na wa tatu ukaachwa, zikachukuliwa bawaba.

Nikaokota kijiti.
Nikachora kwenye udongo mwekundu
mstari unaoingia ndani ya mstari,
kama konokono arudivyo kwake akiguswa.
Lugalia, kijana wangu wa zege, akauzunguka mara mbili.
"Fundi, kona ziko wapi?"
Leo hatuna.

Tofali halipendi kupinda.
Unalibembeleza, unalichonga bega,
unalipa saruji nene upande wa nje
na nyembamba upande wa ndani,
unamwomba mungu wa alasiri azuie mvua ya Maragoli
mpaka safu ya sita ishike.
Nikateremsha timazi, mkono ukitetemeka kama wa mwanagenzi.
Uzi ukatulia. Wima kabisa.
Nilikuwa nimesahau, au sikuwahi kuambiwa:
kupinda si kuegemea.

Msichana wa darasa la tatu aliingia wa kwanza,
akazunguka, akapotea,
sauti yake ikatujia kutoka kitovuni:
"Hakuna mlango! Na hamnioni!"
Wenzake wakapanga foleni, hata wasiobanwa.

Usiku nilimtumia Kageha picha.
Kimya kirefu. Nikadhani amelala.
Kisha simu ikatetemeka:
"Mjomba. Maji ya mvua yanapita wapi?"

Nikavaa gamboti, nikachukua tochi,
nikarudi kuupiga picha mfereji.