Wa Yuu au wa Tini

Siku ya tisa leo ukope wanicheza,
jicho la kulia.
Bi Mwanarukia aliuliza kabla ya salamu:
"Wa yuu au wa tini?"
Wa juu ni mgeni, au barua.
Wa chini, machozi.
Tabibu yeye hakuuliza.
Alisema: usingizi, chai ya rangi, mawazo.
"Punguza mawazo,"
kana kwamba napimiwa kwa kibaba.

Mimi hutoa nakala hapa Langoni,
shilingi kumi ukurasa.
Vyeti vya mji vimepita chini ya mwanga huu wa kijani:
cha Athmani Lali, pembe imekunjwa ifiche alama ya hesabu;
cha Mwanasiti, ukunga, miaka mitatu,
sasa auza maji ya ukwaju;
na Shee Famau kila mwezi,
kitambulisho mbele na nyuma,
barua ile ile, ofisi nyingine:
Natumaini ombi langu litakubaliwa.
Nimemhesabia. Ametumaini mara thelathini na mbili.
Mwezi uliopita aliandika "natumani",
i imemponyoka.
Nilimrudishia bila malipo.

Jana mashine ilimeza barua yake.
Nikaifungua tumbo, nikavuta,
ikatoka moto, imekunjamana, jina nusu.
"Nipe hiyo hiyo," akasema.
"Wao hawaisomi. Mashine angalau imeionja."
Tukacheka mpaka muuza viatu wa jirani akagonga ukuta.
Kicheko kilipokwisha
nikaona mikono yake inatetemeka,
nikaificha yangu chini ya meza.

Usiku nahesabu: kodi, wino, karo ya Bakari,
wino tena.
Naamka taya laniuma
kama niliyetafuna kokoto.
Na bado nachana nywele,
bado napaka wanja
kwenye ukope uo huo unaorukaruka.
Mstari wapinda.
Nafuta. Narudia.

Barua yangu mwenyewe i ndani ya droo, chini ya risiti,
tangu mfungo sita.
Asubuhi hii, kabla ya mteja wa kwanza,
nimeilaza juu ya kioo.
Nakala moja.
Halafu, sijui kwa nini, tano.
Zilikuwa na joto. Nilizishika kidogo.

Bi Mwanarukia amepita na kikapu chake:
"Ehe, wa yuu au wa tini?"
Nimeweka kidole nihakikishe.
Wote wawili, haki ya Mungu, wote wawili.
"Wa yuu, bibi," nimemjibu,
nikaziingiza nakala kwenye bahasha.