Mwanzi Hauweki Fundo

Zamani mwanzi niliujua mmoja tu: wa pua.
Mwingine ulikuwa wa uzio,
wa banda la kuku,
wa kutungulia mapapai ya jirani.
Leo nimebeba mitatu begani,
mirefu kuliko mtumbwi wa Lushinge,
naishusha hapa mwaloni Igombe
taratibu, kama mtu anayelaza mapacha.

Wiki mbili iliogelea kwenye mapipa yaliyopasuliwa,
ikanywa boraksi,
ili dumuzi akija na meno yake
akute karamu imechacha.
Nyanzobe ndiye aliyetoboa mafundo
kwa nondo iliyopashwa moto.
Nondo tuliipa kazi hiyo tu.

Mawe kwetu hayanunuliwi.
Tukachagua manane yenye mgongo bapa,
tukaziambia nguzo: simameni juu yake,
msiguse udongo, mchwa hana simile.
Paa tukalivuta chini
kama kanga ya mwanamke anayekwepa jua,
mvua ya Machi ikija upande upande toka ziwani
isilambe miguu ya banda.

Ndipo akaja bwana wa halmashauri na faili.
"Dagaa ni mali ya watu.
Uimara uko wapi?
Nondo ya milimita ngapi?"

Tukatazamana. Jedwali hatuna.
Misoji akavua ndala,
akarukia boriti, akaning'inia.
Nkwimba naye.
Kisha mimi na kilo zangu tisini.
Tulifika sita, kama nguo kwenye kamba,
tunacheka, magamba yanatudondoka mikononi,
na bwana kalamu imemkauka hewani.

Boriti ikashuka
kidole kimoja,
viwili,
ikalia kama mzee anayejinyoosha alfajiri.
Tulipoachia, ikarudi pake.
Kila baada ya pingili ina fundo, mianzi hii,
lakini haikutuwekea fundo.

Hakusaini.
Alisema atarudi na mkubwa wake.
Sisi tukafunga chanja, tukaanika;
dagaa hawasubiri muhuri.

Nyuma ya choo cha shule,
kwenye kichaka tulichokata,
machipukizi yametoka, ncha zake za zambarau.
Jumatatu yalinifika kwenye kifundo cha mguu.
Leo Alhamisi.
Nimeyapima tena:
gotini.